Yule Niliyempa Kondoo

Kwetu mama mkwe akiingia, wewe unatoka. Hivyo ndivyo nilivyolelewa hapa Kajiado na sikuwahi kuona shida yoyote. Mama wa mke wako humwangalii usoni, huli mbele yake, hukai naye kiti kimoja. Si chuki hiyo. Ni enkanyit, heshima, na mtu asiyekuwa nayo kwetu anahesabiwa pamoja na fisi. Shida yangu ilianza nilipopata mama mkwe anayeingia kwa televisheni.

Umekaa hotelini pale Kitengela, umeagiza mbavu, uko na watu wa rika lako, mnapiga stori za bei ya ng'ombe. Mara huyo hapo ukutani, leso imekaa upande, amelewa chakari, anamtukana chifu. Sasa wewe utafanya nini? Wenzangu wanapiga meza: "Mama mkwe wako huyo! Si umsalimie!" Mimi nafunika uso kwa shuka, nainuka, natoka nje kusimama na watu wa bodaboda mpaka lije tangazo la sabuni. Na kuna siku tangazo la sabuni lenyewe ni yeye.

Nimeacha nyama nyingi kwenye meza za watu kwa sababu ya huyo mama. Na mimi kazi yangu ni kuuza mifugo, nyama siiachi hivi hivi.

Alizaliwa wapi, wa ukoo gani, sijui, na wala sikuuliza. Ninayoyajua mengi nimeyapata kwa Wambui, mke wangu, ambaye kabla sijamwoa alikuwa anaishi naye ploti moja huko Kitengela, mlango kwa mlango. Mengine nimeyasikia nikiwa nimesimama nje ya geti, nimegeuza uso.

Alikuwa mwigizaji, lakini si wale wa mabango. Hakuna aliyejua jina lake. Watu walijua uso. Akienda kununua sukuma wiki, mtu anamshika mkono: "Mama, mimi nakujua! Nakujua wapi?" Yeye hakusema hata siku moja kwamba ni kwa televisheni. Alingoja mtu ajijibu mwenyewe. Siku moja mwanamke fulani alimshikilia pale steji ya matatu karibu na soko, akaapa kuwa ndiye nesi aliyemzalisha. Mama huyu akamtazama, akamuuliza polepole, "Na mtoto anaendeleaje?" Yule mwanamke akaeleza habari zote za mtoto, mpaka meno, akaenda zake akiwa amefurahi sana.

Wambui akamkemea. "Aki wewe! Kwa nini unadanganya watu?"

"Sijadanganya. Alikuwa anataka kushukuru mtu. Nesi mwenyewe atampata wapi saa hii?"

Majukumu yake yalikuwa ya kufungua mlango. Mgeni anabisha, yeye anafungua, anasema "Hayupo," basi, kazi imeisha. Alikuwa akisema amesema "hayupo" kwa milango yote ya Nairobi. Alikuwa jirani, muuza pombe, mama wa sokoni, mchawi, mama anayelia nyuma ya mama anayelia. Majina yakianza kupanda mwishoni mwa kipindi, lake liliandikwa mbele ya "Jirani" au "Mama wa Pili." Hakulalamika, lakini Wambui anasema kuna kitu kimoja alikitamani mpaka kikamnyima usingizi: apewe siku moja kuigiza mtu mwenye jina. "Hata kama ni mwizi," alikuwa akisema. "Bora mama yake alimpa jina."

Pombe hakunywa kabisa. Alijifunza kulewa kwa kumwangalia keateka, mwangalizi wa ploti, na keateka alipojiona kwenye kipindi alinuna wiki nzima. Aliigiza mchawi anayefuga fisi, na yeye mwenyewe akiona mbwa mdogo barabarani anavuka upande wa pili. Kanisani alifika kabla ya mwenye ufunguo. Kuna mama mmoja wa kanisa aliyekataa chai yake baada ya kumwona akimwekea mtu sumu. Yeye hakukasirika, alikunywa kikombe kile mwenyewe mbele yake, kisha akammiminia kingine. Alikuwa na kiburi pia, nisimfanye malaika. Akimwona mwigizaji mwingine akilia kwa televisheni alikuwa anasonya: "Huyo analia na mabega. Machozi hayatoki kwa mabega."

Sasa nije kwa kondoo, kwa sababu hapo ndipo aibu yangu inapoanzia.

Mama mzazi wa Wambui alifariki Wambui akiwa mdogo. Aliyemlea ni shangazi yake, mkulima wa vitunguu huko Entarara, karibu na Loitokitok. Mimi nilijua hivyo na wazee wangu walijua hivyo. Siku ya ruracio, siku ya sisi kwenda kwao Kitengela kuomba msichana, huyo shangazi ndiye angekaa kiti cha mama. Sisi hatukuwa tumemwona hata mara moja. Asubuhi ile akapiga simu kutoka hospitali: presha imepanda, daktari amekataa asitoke.

Mjomba wa Wambui, mtu anayependa mambo yake yaonekane yamenyooka, akachanganyikiwa. Wamasai wako njiani na kiti cha mama kiko wazi! Badala ya kutuambia ukweli, ambao tungeuelewa, akaenda mlango wa pili. Akamwambia jirani, "Kuja ukae tu hapo. Usiseme kitu. Wakiuliza, wewe ndio shangazi."

Kumwambia mwigizaji akae tu ni kama kumwambia mbuzi asile ua. Wambui anasema jambo la kwanza aliloliuliza ni, "Huyo shangazi anapenda nini? Anaogopa nini?" Wakamwambia anaogopa Wambui kuolewa mbali. Akaomba leso ya shangazi, akajifunga, akakaa. Na tulipoingia tukakuta mama mwenye mikono ya vitunguu, anayetutazama sisi na barabara tuliyokuja nayo, kama mtu anayepima ni umbali gani. Baba yangu akaninong'onezea, "Huyu mama anampenda msichana wake." Hata leo siwezi kusema alikosea.

Desturi yetu ni kwamba mume mtarajiwa anampa mama wa msichana kondoo jike. Kondoo huyo analeta jina. Tangu siku hiyo mtoaji na mpokeaji hawaitani kwa majina yao tena. Mimi namwita Paker, na yeye ananiita Paker, mpaka kifo. Neno linatoka kwa kondoo, na halina mchezo. Nilimpa kamba nikiwa nimeinamisha uso. Alipoipokea nikasikia pumzi yake imekatika. Akalia. Hakulia na mabega.

Wambui alitaka kusema. Mjomba akamtolea macho, msichana akanyamaza, na siku ikapita na nyama ikaliwa.

Kondoo akaenda kuishi kwenye ploti. Hebu fikiria, nyumba za kupanga Kitengela, kamba za nguo kila mahali, na mama mmoja anatembeza kondoo kwa kamba kando ya barabara jioni, anamsomea laini zake: "Hayupo. Hayupo. Bwana, nimesema hayupo." Kondoo alikula sukuma wiki ya keateka, akala na shati lake moja. Mimi hayo yote sikuyajua, kwa sababu kwao siendi.

Halafu siku moja baba yangu, amekaa kwa hoteli Kajiado mjini anakunywa chai, anainua macho ukutani. Anaona jeneza. Juu ya jeneza kuna picha kwenye fremu, na picha ni ya mama mkwe wangu. Watu wanalia, pasta anaomba. Baba hakungoja chai ipoe. Akanipigia simu akiwa na hasira zaidi kuliko huzuni: "Paker wako ametuacha, na hakuna mtu wa kwao ametuambia! Tumesikia kwa televisheni kama watu baki! Hiyo ni dharau gani?"

Tulienda watu wa gari zima. Blanketi, sukari, majani chai, wazee wenye fimbo. Mimi nilibaki getini, nimegeuka, kama desturi inavyotaka. Nikamsikia baba akibisha. Mlango ukafunguliwa. Kisha baba, kwa mazoea tu, akasema, "Takwenya."

"Iko," mama akaitikia, maana salamu hiyo Wambui alikuwa amemfundisha. Akaangalia lile blanketi na zile nyuso. "Nani amekufa?"

"Ni wewe," baba akasema.

Huko ndani ukweli wote ulimwagika siku hiyo, kama gunia limepasuka. Kwamba hajafa. Kwamba si shangazi. Kwamba kazi yake ni kuwa watu wengine. Mjomba aliletwa akaeleza, akitokwa na jasho. Yeye mama hakucheka hata kidogo, na angeweza. Alipika chai ya watu wote, akamuuliza baba, "Ulipoona jeneza ulisikia vibaya?" Baba akakubali kuwa alisikia vibaya sana. Kisha mama akatoka nje, akamfungua kondoo, akampa baba kamba.

"Huyu alikuwa wa mtu mwingine. Mchukue, mzee, na unisamehe."

Baba hakuipokea ile kamba. "Ulimpokea?"

"Nilimpokea."

"Kwa mkono wako huo?"

"Ndiyo."

"Basi. Jina si sufuria ya kuazima, ati utarudisha ukimaliza kupika. Kondoo tutakulishia kwetu, hapa mtaua keateka. Lakini ni wako." Na shangazi wa Entarara alipopona, akapelekewa mbuzi, na kwa mbuzi kuna jina lingine, Pakine, akafurahi nalo. Kwa baba mambo yakawa yamekwisha.

Kwangu hayakwisha. Stori ilifika sokoni kabla yangu. Nikipeleka ng'ombe mnadani, mtu ananiuliza kama huyo ng'ombe ni wa kweli au ni wa kuigiza. Ati nimeoa filamu. Ati watoto wangu watazaliwa na matangazo katikati. Niliungua kwa aibu, nawaambia. Nilimwambia Wambui sitaki kumsikia huyo mama, na Wambui akanijibu, "Kwani ulikuwa unamsikia? Si mnakimbiana tu?"

Ndiyo ubaya wa desturi yangu. Ukimkimbia mama mkwe kwa heshima, na ukimkimbia kwa hasira, ni shuka ile ile unafunika uso. Wazee walinisifu: kijana ana enkanyit huyu, miaka yote hii hajamwangalia. Nami nikapokea sifa. Hakuna aliyejua kwamba ule mlango wa heshima mimi niliufunga kwa kufuli.

Yeye upande wake hakukosea hata siku moja. Akija kuwaona watoto wetu alipiga simu mapema ili mimi nipate pa kwenda. Akifika getini alikohoa kwa nguvu, kikohozi cha jukwaani, hata jirani wa tatu anajua. Akiondoka aliacha chakula kimefunikwa, akiwaambia watoto, "Hii ni ya Paker." Mwanangu mkubwa akaniuliza, "Baba, nyanya anakuita Paker. Wewe unamwita nani?" Nikamwambia aende akaangalie ndama.

Ndama walikuwa wamelala.

Kiangazi kilichopita walikuja watu wa Nairobi kupiga picha za mchezo wa televisheni nje kidogo ya Kajiado. Walitaka boma, walitaka mbuzi, walitaka kondoo jike mmoja mtulivu. Nikawaletea kwa pikapu ya Mutiso, dereva wangu. Kondoo mwenyewe nilimtoa kwa zizi letu, mjukuu wa yule wa ploti. Wambui alikuwa ameniambia kwamba nyanya wa watoto hatimaye amepewa mtu mwenye jina, Mama Nduta, tena mkubwa, wa kipindi kizima, na kwamba alilia kwenye simu. Mimi nilisikia kwa sikio moja. Kwa hiyo alipoteremka kwenye gari lao, mzee, na mkongojo, mguu mmoja ukikataa, nilishtuka, nikarukia nyuma ya pikapu. Mutiso akauliza, "Kuna nyoka?"

"Nyamaza."

Nilichuchumaa pale na mbuzi. Sikuona kitu, lakini nilisikia kila kitu.

Dairekta, kijana wa kofia, akaeleza sini: mama wa bibi harusi anapokea kondoo kwa mkwe wake Mmasai, anamwangalia, anasema "Asante, Paker." Ndiyo laini kubwa. Baada ya hapo muziki. Wakaanza. Nilisikia kwato za kondoo wangu. Nilisikia pumzi ya yule mama ikikatika, pumzi ile ile, mpaka mimi mwenyewe nikashika bodi ya gari. Kisha kimya.

"Kata! Mama, umesahau laini?"

"Sijasahau."

"Haya, tunarudia."

Wakarudia. Pumzi, kisha kimya.

"Nitasema 'asante, mwanangu,'" akasema.

"Mama, hapana. Hiyo neno ndio sini yenyewe. Tumekuja huku kote juu ya hiyo neno."

"Kijana, mimi nimeigiza kulewa na silewi. Nimeigiza kuua. Nimekufa hata sijui mara ngapi. Nimeomba Mungu kwa uongo mbele ya kamera na nikarudi nyumbani nikamwomba msamaha. Nipe kitu kingine chochote nitakifanya. Hiyo neno iko na mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Kuna mtu wa huku huku. Alinipa kondoo."

Dairekta akacheka kidogo, bila ubaya. "Okei. Na yeye anakuita hivyo?"

Mbuzi mmoja alikuwa anatafuna shuka yangu na sikumfukuza.

"Bado," akasema.

Jamani! Kama angesema hapana, ningevumilia. Kama angenisema vibaya, ningekasirika, na hasira naijua. Lakini alisema bado, kama mtu aliyeweka chai mezani na anajua mgeni amechelewa tu njiani. Miaka yote hiyo. Nilisikia uso wangu ukiwaka, na safari hii hakukuwa na rika, hakukuwa na televisheni, hakukuwa na mtu wa kunicheka. Ni mimi na mbuzi.

"Mama, mwanga unaisha," dairekta akasema. "Kama huwezi, kuna mama mwingine pale, anaweza kufanya. Sitaki kukulazimisha, lakini si ndio unaelewa?"

"Naelewa sana," akasema. Nikasikia akivua zile shanga walizomvika, moja moja, taratibu, akiziweka juu ya meza. Alikuwa anamvua Mama Nduta. Sauti yake haikutetemeka. "Mwambie huyo mama asilie na mabega."

Hapo nikatoka.

Nilitoka nyuma ya pikapu na nyasi kwenye magoti, nikasimama mbali kama inavyotakiwa, nikainamisha uso. Niliona tu ncha ya mkongojo wake na viatu vyake, viatu vya kanisani, vimejaa vumbi la Kajiado. Watu wa kamera walidhani nimekuja kudai kondoo.

"Paker," nikasema.

Mkongojo ulisogea kidogo kwenye vumbi. Nilingoja. Nilifikiri atalia, na kwa kulia yeye ni fundi. Hakulia.

"Paker," akasema. "Umekonda. Kwani Wambui hakupikii?"

"Ananipikia."

"Basi kula."

Nikashika kamba ya kondoo. Dairekta akaja mbio: "Boss, boss, bado hatujamaliza na hiyo kondoo!" Nikamwambia huyo kondoo hachezi tena, ana mwenyewe, na mwenyewe anaondoka, mbuzi nawaachia, kondoo watafute kwingine. Alisema maneno mengi kuhusu makubaliano. Alikuwa na haki. Nilimwambia nitazungumza naye kesho.

Mutiso alimfungulia mama mlango wa mbele, akamsaidia mguu. Mimi siwezi kukaa kiti kimoja na mama mkwe wangu, kwa hiyo nilipanda nyuma na kondoo. Tulishika njia ya Kitengela. Upepo ulikuwa mkali na vumbi jingi, nikafunika uso kwa shuka, na chini ya shuka nilikuwa nalia kama mtoto, mabega na yote.

Tulipopita Isinya aligonga kioo cha nyuma kwa mkongojo.

"Paker!" akaita bila kugeuka. "Umemfunga kondoo vizuri?"

"Ndiyo, Paker," nikasema. "Nimemshika."